Asidi laktiki kutoka kwa bakteria: jua kwanza utaitoaje tangini

Mtu akiniambia anataka kutengeneza asidi laktiki kwa bakteria, karibu kila mara huanza kuuliza habari za bakteria: achukue yupi, amlishe nini, amweke kwenye joto gani. Mimi humpeleka kwanza kwenye siku ya mavuno. Tangi limeiva, na ndani yake mna mchuzi wa kahawia wenye chumvi, seli zilizokufa, mabaki ya protini, sukari kidogo iliyobaki, na asidi aliyoitaka, vyote vimechanganyika. Utaitoaje humo? Mwenye jibu la swali hilo anaweza kuchagua bakteria, sukari na joto bila kuhangaika. Asiye na jibu atafaulu kuchachusha, maana bakteria hawa ni wepesi wa kazi, kisha atabaki na pipa la maji machachu lisilo na mnunuzi.

Ninayaandika haya kwa ajili ya fundi wa maabara au mwanafunzi mwenye tangi dogo la lita 10 lenye kikorogeo, autoklevu (chungu cha kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo) inayofanya kazi, na hamu ya kujifunza kazi yenyewe. Nimechagua asidi laktiki kwa sababu bakteria wake hawana madhara, hesabu zake zote unaweza kuzihakiki kwa bureti (mrija wa kupimia kimiminika tone kwa tone), na matumizi yake ni ya kweli: PLA (plastiki inayotengenezwa kwa asidi hii), kiyeyushi cha ethili lakteti, chumvi za dawa, usindikaji wa ngozi na vyakula. Carl Wilhelm Scheele aliitoa kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na mwaka 1881 Charles Avery alianza kuizalisha kibiashara huko Littleton, Massachusetts. Tangu wakati huo bakteria wameboreshwa sana, lakini kinachowachosha mafundi bado ni kilekile, kuitenganisha na vingine vyote.

Besi inaamua kila kitu

Bakteria anapotoa asidi anajipalia makaa mwenyewe. Molekuli ya asidi laktiki ambayo bado imeshikilia hidrojeni yake hupenya utando wa seli, huiachia hidrojeni hiyo ndani, na seli inalazimika kutumia nguvu kuisukuma itoke. Nguvu hiyo ndiyo ingeitumia kukua. Namba ya kukumbuka ni 3.86, pKa ya asidi hii. pH (kipimo cha uchachu; ikishuka uchachu unazidi) ikiwa 3.86, nusu nzima ya asidi iko katika hali hiyo ya kupenya. Ikipanda hadi 4.86 inabaki takribani asilimia 9, na kwenye 5.86 ni asilimia 1 hivi. Ndiyo sababu tunaishikilia pH kati ya 5.5 na 6.5 kwa kutia besi, yaani kitu cha kuzima asidi, muda wote wa uchachushaji. Besi utakayotia inaamua ni chumvi gani utaikuta tangini, na chumvi hiyo ndiyo inayokuambia utaitoaje asidi.

Ya kwanza ni kalsiamu kabonati, yaani unga wa chaki. Ni rahisi kupata na haihitaji pampu: huyeyuka kadiri asidi inavyotokea, basi. Inakupa kalsiamu lakteti. Baadaye unatia asidi salfuriki, kalsiamu inashuka chini kama jasi, na asidi laktiki inabaki kwenye maji. Ubaya wake ni jasi yenyewe. Kwa kila kilo moja ya asidi laktiki unapata takribani gramu 956 za jasi. Soma tena namba hiyo. Kiwanda kinachotumia njia hii kinazalisha jasi karibu sawa na bidhaa yake kwa uzito, na lazima kijue itapelekwa wapi kabla hakijawasha tangi la kwanza.

Ya pili ni sodiamu haidroksaidi. Ni safi, inayeyuka vizuri, pampu na elektrodi ya pH vinaiongoza bila wewe kukesha. Lakini hapa ukitia asidi salfuriki mwishoni hupati mashapo ya kuchuja. Sodiamu salfeti inabaki imeyeyuka pamoja na asidi yako. Utahitaji resini za kubadilishana ioni (punje zinazokamata chumvi iliyoyeyuka), au elektrodialisisi (kutenganisha chumvi kwa umeme) yenye utando wa tabaka mbili, ambayo ina faida moja kubwa ya kukurudishia besi uitumie tena. Kama unachotaka kuuza ni sodiamu lakteti yenyewe, njia hii haina mpinzani.

Ya tatu ni amonia. Bakteria hupata humo naitrojeni pia, na ukimaliza na asidi salfuriki unapata amonia salfeti ambayo ni mbolea. Tatizo ni kwamba amonia ikizidi inawapunguza kasi, na mvuke wake hauvumiliki kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Kwa anayejifunza, nashikilia chaki. Sisemi kwamba ndiyo njia bora ya kiwanda kipya. Nasema hivyo kwa kuwa kila hatua unaiona kwa macho: chaki inapungua, povu linapanda, mashapo yanashuka. Ukishaielewa kwa chaki, hizo nyingine utazielewa kwa kusoma tu.

Mantiki hii haiishii kwenye asidi laktiki. Clostridium acetobutylicum, bakteria ambaye Chaim Weizmann alimtumia Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kupata asetoni, hutoa asetoni, butanoli na ethanoli kwa uwiano wa karibu 3:6:1. Butanoli ni sumu kwake, kwa hiyo viyeyushi vyote kwa pamoja havizidi sana gramu 20 kwa lita kabla hajazimia. Kumbe basi kazi yako kubwa inakuwa kuchemsha maji mengi mno ili upate kiyeyushi kidogo. Hakuna lishe tamu itakayokuokoa na hesabu hiyo. Ukihamia kwenye asidi suksiniki au kemikali nyingine yoyote ya bakteria, uliza swali lilelile kabla ya mengine.

Bakteria yupi

Molekuli ya asidi laktiki ina sura mbili, L na D, zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiitengeneza kwa njia ya kemia bila bakteria unapata mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Bakteria aliyechaguliwa vizuri anakupa sura moja karibu tupu, na hapo ndipo thamani yake ilipo: PLA iliyotoka kwenye L safi hujipanga kuwa fuwele na kuvumilia joto, ilhali ile ya mchanganyiko hubaki laini na haina umbo la fuwele.

Lactobacillus delbrueckii hutoa D. Lactobacillus rhamnosus na casei hutoa L kwenye joto la karibu 37°C. Lactobacillus plantarum hutoa zote mbili, kwa hiyo mwache kama unataka plastiki. (Ukitafuta kwenye orodha za maktaba za bakteria, kumbuka kwamba jenasi Lactobacillus iligawanywa mwaka 2020, na wengi wao sasa wamesajiliwa kwa majina mapya kama Lacticaseibacillus na Lactiplantibacillus.) Kaa mbali pia na wale wanaogawa sukari njia mbili, kama Leuconostoc. Wao kwa kila molekuli ya glukosi wanakupa asidi laktiki moja, ethanoli moja na kaboni dioksaidi moja. Nusu ya sukari yako imekwenda kusikokuwa kwako. Wale wa njia moja wanatoa asidi laktiki mbili kwa kila glukosi, maana yake kinadharia gramu moja ya sukari ni gramu moja ya asidi.

Mimi kwa chaki namtumia Bacillus coagulans, na sababu yangu ni ya upande wa mavuno. Yeye hufanya kazi vizuri kwenye 50°C na hutoa L. Kalsiamu lakteti haipendi baridi: joto likishuka inaganda kuwa fuwele. Kwenye 37°C, mchuzi wenye asidi nyingi unaweza kuanza kuganda bakteria wakiwa bado kazini. Kwenye 50°C una nafasi kubwa zaidi. Joto hilo pia linawafukuza wavamizi wengi. Cha kuangalia ni kwamba anatengeneza spora, kwa hiyo usafishaji wa tangi baada yake hautaki mzaha. Maji ya moto peke yake hayatoshi.

Chakula chao

Kwa lita 10 pima hivi: glukosi gramu 800, dondoo la hamira gramu 100, dipotasiamu fosfeti gramu 10, magnesiamu salfeti gramu 5, manganisi salfeti nusu gramu. Manganisi ni kidogo lakini usiiruke, bakteria wa asidi laktiki wanaihitaji hasa. Gramu 80 za sukari kwa lita zinatosha. Najua utaona watu wanafikisha 150 na kuendelea. Kwa chaki, na kwa mara za mwanzo, unajitafutia tangi lililoganda.

Dondoo la hamira ndilo linalokula fedha. Bakteria hawa ni wachaguzi, wanataka vitamini B na asidi amino zilizo tayari, na ukilipunguza wanasuasua. Viwandani hutumia maji yaliyolowekewa mahindi kwenye viwanda vya wanga, na ni mbadala mzuri wa bei nafuu, ila yana rangi na protini. Hapa ndipo ninapowaomba watu wasimame kidogo. Kila uchafu unaouingiza mwanzoni utaulipia mwishoni. Molasi ni sukari rahisi, ndiyo, lakini rangi yake na chumvi zake zitakufuata hadi kwenye mkaa na resini, na huenda akiba yako yote ikaishia hapo. Wanga uliovunjwa kwa vimeng'enya, kwanza alfa-amilesi na kisha glukoamilesi kwenye 60°C hivi, hukupa glukosi safi zaidi. Linganisha bei hadi kwenye chupa ya mwisho, usiishie kwenye gunia la kwanza.

Kutakasa kwa mvuke

Gawanya vitu sehemu tatu. Sukari iyeyushe kwenye maji yake peke yake. Dondoo la hamira na chumvi viwe pamoja. Chaki, gramu 450, ikorogwe kwenye maji ndani ya chupa yake. Zote ziingie kwenye autoklevu kwa 121°C, angalau dakika 15 baada ya kimiminika chenyewe, siyo kipimo cha mlangoni, kufika joto hilo. Chupa kubwa huchelewa sana kupata joto katikati, basi zipe muda zaidi.

Ukiipika sukari pamoja na dondoo la hamira, sukari na asidi amino zitaungana na kugeuka kahawia. Unapoteza vyote viwili, na unajiongezea rangi ya kuondoa baadaye. Ukiipika chaki pamoja na fosfeti, kalsiamu itaikamata fosfeti na kushuka nayo. Subiri vipoe hadi 55°C hivi, kisha uviunganishe tangini (chaki ibaki chupani, itaingia kwa mafungu) karibu na mwali wa moto, bila kuzungumza juu ya mdomo wa chupa.

Mbegu

Mbegu ni bakteria wa kuanzishia tangi. Hifadhi yao iwe kwenye −80°C ndani ya gliseroli ya asilimia 20. Toa kidogo, otesha kwenye mililita 10 za lishe ileile, hamishia kwenye mililita 100, kisha kwenye nusu lita. Nusu lita kwa tangi la lita 10 ni asilimia 5, na inatosha.

Muhimu ni umri wa mbegu. Ichukue ikiwa bado inakua kwa kasi, kabla haijachacha. Mbegu iliyolala usiku kucha kwenye asidi yake yenyewe huchukua saa nyingi kuamka, na saa hizo ndizo mvamizi anazozisubiri. Kabla ya kuimwaga, weka tone kwenye hadubini. Utaona vijiti tu, vya zambarau ukivipaka rangi ya Gram, ile ya kutambulia bakteria. Ukiona viduara, au vijiti vya maumbo tofauti tofauti, imwage mbegu yote kwenye chombo cha kutakaswa na uanze upya. Hapa sina huruma: tangi zima ni siku kadhaa za kazi, mbegu ni za usiku mmoja.

Tangi likianza

Shikilia 50°C. Korogesha taratibu, kiasi cha kuizuia chaki isilale chini. Hewa haihitajiki kwa kutengeneza asidi. Iliyokuwamo mwanzoni inatosha kuwapa nguvu ya kuanza. Tia chaki kwa mafungu, theluthi moja mwanzoni na nyingine kila unapoona pH inaelekea 5.5. Ukiimwaga yote mara moja, povu litapanda hadi kwenye bomba la kutolea hewa.

Hesabu ya gesi ni ya usalama, ifanye kabla. Sukari gramu 800 itakupa asidi laktiki takribani gramu 740 mambo yakienda vizuri. Kila gramu 180 za asidi zinatumia gramu 100 za chaki na kutoa gramu 44 za kaboni dioksaidi. Kwa tangi hili ni chaki gramu 411 iliyotumika na gesi zaidi ya lita 100. Tangi dogo halitakudhuru kwenye chumba chenye madirisha wazi. Lakini tangi la lita elfu moja ni mara mia ya hapo, na kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Usiruhusu mtu yeyote aingie ndani ya tangi au shimo lililo karibu nalo bila kupima hewa na bila mwenzake nje.

Sasa jambo ambalo wengi wanakwama nalo. Wanachukua mchuzi wenye chaki, wanautia fenofthalini (kiashiria cha rangi), wanaufanyia titresheni, yaani kuupima kwa matone ya bureti, kwa sodiamu haidroksaidi, wanapata karibu sifuri, na wanadhani bakteria wamekufa. Asidi ipo, ila imeshafungwa na kalsiamu. Pima kalsiamu badala yake. Chuja sampuli vizuri ili chaki ambayo haijayeyuka isibaki, ipandishe hadi pH 12, tia mureksidi (kiashiria cha kalsiamu), kisha titresheni kwa EDTA (kemikali inayoishika kalsiamu) ya moli 0.05 kwa lita. Kila ayoni moja ya kalsiamu imeshika lakteti mbili, kwa hiyo kila mililita ya EDTA hiyo inasimama badala ya gramu 0.009 za asidi laktiki. Fanya kila baada ya saa nne na uchore kwenye karatasi ya grafu. Mchoro huo utakuambia mengi: unaanza kwa kulala, unapanda mkali, kisha unapinda. Pima na glukosi pia, kwa vipande vya kupimia au kwa njia ya vimeng'enya. Asidi ikipanda bila sukari kushuka kwa kiasi hichohicho, kipimo kimoja kinakudanganya. Sukari ikishuka bila asidi kupanda, kuna mgeni tangini.

Na wageni wana dalili zao. Harufu ya siagi iliyovunda ni Clostridium anayekula lakteti na kuigeuza asidi butiriki. Anatoa hidrojeni pia, kwa hiyo ukiona mapovu yanaendelea wakati chaki imeshakwisha, sogeza mbali kila chenye cheche. Spora zake hupona kwenye maji yanayochemka lakini hazihimili 121°C, basi akitokea ujue mvuke haukufika mahali fulani: mara nyingi ni kwenye vali ya kutolea sampuli au chini ya gasketi. Dalili nyingine ni mchoro uliokuwa ukipanda vizuri kusimama ghafla, na hadubini ikionyesha vijiti vichache na vipandevipande. Hiyo ni kazi ya virusi wanaoshambulia bakteria. Hakuna dawa ya tangi hilo. Lichemshe lote, safisha chumba, na mara ijayo tumia aina nyingine ya bakteria ambayo virusi hao hawaiwezi. Kiwanda chenye busara huwa na aina mbili au tatu za kupokezana.

Simamisha kazi glukosi ikishuka chini ya gramu 1 kwa lita. Usikimbilie kusimamisha mapema: sukari iliyobaki ndiyo itakayoungua na kuleta rangi wakati wa kukolezwa.

Kuitoa

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na hapa usiache tangi lipoe. Nimeona kiwanda ambako mvuke ulizimwa mwisho wa wiki tangi likiwa limeiva. Waliporudi, kalsiamu lakteti ilikuwa imeganda ndani ya mabomba, na mafundi walikaa siku nyingi wakiiyeyusha kwa maji ya moto, bomba moja baada ya jingine. Mchuzi ukishaiva, pandisha joto hadi 80°C moja kwa moja. Joto hilo linaua bakteria (ila si spora zao), linagandisha protini ili zichujike, na linaiweka chumvi yako kwenye maji.

Chuja ungali moto. Seli, protini na chaki iliyosalia vitabaki kwenye kitambaa. Pima tena kalsiamu kwa EDTA kwenye mchuzi uliochujwa, kwa uangalifu kuliko mara zote, maana namba hii ndiyo inayokupa kiasi cha asidi salfuriki. Kwa gramu 740 za asidi laktiki unahitaji gramu 403 za asidi salfuriki tupu. Izimue kwanza: maji yatangulie, asidi ifuate polepole, kamwe usibadili mpangilio huo, na uwe na miwani, glavu na aproni. Kisha itie kwenye mchuzi wa 75°C kwa mkondo mwembamba huku ukikoroga, kwa saa nzima au zaidi.

Uvumilivu wa saa hiyo una malipo. Ukiitia haraka, jasi inatokea kama unga laini sana, inaziba kichujio na kunyonya asidi yako kama matope. Ukiitia polepole kwenye joto, fuwele zinakua ndefu na nzito, na mchuzi unapita kwa urahisi. pH ikifika karibu 2, na hesabu yako ya EDTA ikikubaliana nayo, acha. Asidi salfuriki iliyozidi utaisumbukia baadaye; iliyopungua inakuachia kalsiamu.

Chuja jasi, itakuwa kavu yake karibu gramu 700, na uioshe mara mbili kwa maji ya moto kidogo kidogo. Maji hayo yana asidi yako, usiyamwage: yatumie kuzimulia asidi salfuriki ya tangi linalofuata. Jasi iliyooshwa vizuri inaweza kwenda kwenye mbao za ujenzi, saruji au udongo wenye sodiamu nyingi. Ambayo haikuoshwa ni taka chachu.

Baada ya hapo ni usafishaji, na hauna mengi. Mkaa ulioamilishwa kwenye 60°C kwa nusu saa unachukua rangi. Resini ya kukamata kalsiamu iliyosalia, kisha resini ya kukamata salfeti. Usiziruke, kwa sababu jasi huyeyuka kidogo, gramu 2 hivi kwa lita, na itakugandia kwenye kivukizi. Kisha vukiza maji chini ya ombwe, joto lisipite 70°C. Vyombo viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316L au kioo. Kwa asidi ya daraja la plastiki hata haya hayatoshi. Viwanda huigeuza kuwa esta kwa methanoli au ethanoli, huikeneka esta hiyo, kisha huivunja tena kwa maji, au hukeneka asidi yenyewe kwenye ombwe kali.

Kipimo cha mwisho

Ukishaikoleza hadi asilimia 80 na kitu, titresheni ya kawaida itakuonyesha pungufu kuliko ilivyo. Asidi laktiki iliyokolea hujiunga yenyewe kwa yenyewe, molekuli moja ikiishika nyingine na kuachia maji, na kila muungano unaficha kundi moja la asidi ambalo bureti haliwezi kuliona. Pima sampuli ndogo kwa mizani, itie sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita iliyopimwa kwa usahihi na kuzidi mahitaji, ichemshe kwa dakika 20 ili minyororo yote ivunjike, kisha titresheni besi iliyobaki kwa asidi salfuriki ingali moto. Tofauti kati ya namba hii na ile ya titresheni ya baridi inakuambia ni asidi kiasi gani imejifunga. Andika zote mbili kwenye lebo ya chupa, pamoja na tarehe, kwa sababu chupa ileile ikikaa itaendelea kubadilika, na anayeinunua kwa ajili ya kutengeneza esta au plastiki atataka kujua anapokea nini.